Roketi ya Maji: Mradi wa Sayansi Ufuoni mwa Ziwa Victoria

Roketi ya maji ni chupa ya soda iliyotiwa maji kiasi, ikajazwa hewa kwa pampu, kisha ikaachiliwa ghafla mdomo ukiwa chini. Hewa iliyobanwa huyafyatua maji nje, na chupa hupaa juu. Haitumii moto, baruti wala kemikali yoyote, na vifaa vyake vyote hupatikana Kisumu bila kuagiza kitu kutoka mbali: chupa madukani, valvu na pampu kwa mafundi wa baiskeli na pikipiki, mabomba ya plastiki kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye kwa kazi ya kukata na kutoboa. Kwa gharama ndogo, darasa hupata chombo kinachoonyesha kwa vitendo sheria za Newton, tabia ya gesi na ukinzani wa hewa, mada ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu huzisoma zikiwa zimetawanyika katika sura mbalimbali za kitabu.

Wepesi wa kuitengeneza usimdanganye mtu. Kuirusha chupa hewani ni kazi ya asubuhi moja. Kueleza kwa nini ilifika mita 40 badala ya 25 ni kazi ya muhula mzima, na hapo ndipo ulipo mradi wenyewe.

Roketi na Afrika

Roketi ya kwanza ya mafuta ya maji maji duniani, iliyorushwa na Robert Goddard tarehe 16 Machi 1926 huko Auburn, Massachusetts, Marekani, ilipanda mita 12.5 tu na kuruka kwa sekunde mbili na nusu. Chupa ya soda iliyoundwa vizuri huupita urefu huo bila taabu. Kwa roketi za maji, rekodi mashuhuri imetoka barani Afrika: mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Cape Town lilirusha roketi ya maji iliyofika wastani wa mita 830. Chombo chao hakikuwa cha chupa bali cha nyuzi za kaboni, kikistahimili presha ambayo plastiki ya soda haiwezi hata kuikaribia.

Kenya nayo si mgeni katika fani hii. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi za Scout zilibeba setilaiti angani kati ya 1967 na 1988. Mojawapo ya setilaiti hizo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya taifa. Setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, wana mradi wao wa roketi za mafuta makavu uitwao Nakuja. Anayeanza na chupa Kisumu anajifunza misingi ileile: msukumo, uzito, uthabiti na ukinzani wa hewa.

Kinachoirusha

Mvuvi anaporuka kutoka kwenye mtumbwi kuingia gatini kwenye ufuo wa Dunga, mtumbwi husukumwa nyuma. Ndivyo ilivyo kwa roketi: maji yanatupwa chini, chupa inasukumwa juu kwa nguvu inayolingana. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton. Hewa ndiyo iliyohifadhi nishati ya mkono uliopampu. Maji kazi yake ni kuwa kitu kizito cha kutupwa.

Hesabu zinasaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Mdomo wa chupa ya kawaida ya soda una upana wa ndani wa karibu milimita 22. Geji ya pampu ikionyesha PSI 60, ambayo ni takriban mara nne ya kanieneo la hewa kwenye usawa wa bahari, maji huanza kutoka kwa kasi ya karibu mita 29 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa saa. Msukumo wa mwanzo hufikia nyutoni 300 hivi, sawa na uzito wa kilo 30, ilhali roketi pamoja na maji yake haifiki hata kilo moja. Kwa hiyo huondoka kwa mchapuko unaozidi mara 30 ule wa kitu kinachoanguka. Maji yote humalizika katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Macho hayauoni muda huo. Huona mkupuo mweupe ardhini na chupa ambayo tayari iko juu ya paa la darasa.

Maji yakiisha, hewa iliyobaki, ambayo bado ina presha, hutoka kwa mvumo na kuongeza msukumo wa mwisho. Hewa hiyo inapotanuka ghafla hupoa, na mvuke ulio ndani hugeuka ukungu. Ndiyo sababu chupa iliyookotwa mara tu baada ya kutua huwa na wingu jeupe ndani yake, ambalo hutoweka polepole linapopata joto. Mwanafunzi aliyeliona hahitaji kukariri kwamba gesi ikitanuka ghafla hupoa.

Swali la kwanza la kila kundi ni kiasi cha maji. Chupa tupu iliyojaa hewa peke yake huruka kidogo tu, kwa kuwa hewa ni nyepesi mno kuwa kitu cha kutupwa. Chupa iliyojaa maji karibu pomoni nayo hupanda kwa uvivu, kwa kuwa hakuna nafasi ya kutosha ya hewa kuhifadhi nishati. Kiasi bora huwa karibu na thuluthi moja ya chupa: mililita 600 hadi 700 kwa chupa ya lita mbili. Namba kamili hutegemea uzito wa roketi yenyewe, na inafaa itafutwe kwa majaribio.

Chupa ifaayo na isiyofaa

Chupa ya soda hutengenezwa ili ihimili gesi ya kinywaji, na gesi hiyo huongeza presha kadiri joto linavyopanda. Soda iliyoachwa juani mchana wa Kisumu, joto likikaribia nyuzi 30, huwa imeikaza chupa kiasi kwamba kidole hakiwezi kuibonyeza. Chupa ya maji ya kunywa haikuundwa kwa kazi hiyo. Plastiki yake ni nyembamba na haifai kupampiwa hata kidogo. Chupa za juisi na za mafuta ya kupikia nazo ziachwe kando.

Hali ya chupa ni muhimu sawa na aina yake. Ufuo wa Ziwa Victoria una chupa nyingi zilizotupwa, na kuziokota ni jambo jema, lakini chupa iliyokaa juani na kusuguliwa na mchanga imekwisha kudhoofika hata kama inaonekana nzima. Utaratibu salama ni kugawa kazi. Chupa itakayobeba presha iwe mpya, isiyo na mkwaruzo, iliyofunguliwa juzi na kuoshwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji moto huinyausha na kuipotosha umbo. Chupa za kuokotwa zitoe kichwa cha roketi na sketi ya chini ya kushikia mapezi, sehemu ambazo hazijazwi hewa.

Chupa ya presha haitobolewi, haipigwi msasa kwa nguvu, wala haikaribishwi gundi ya moto, ambayo hulegeza plastiki pale inapogusa. Mapezi na kichwa hufungwa kwa selotepu pana au kubandikwa kwenye sketi inayoivaa chupa kwa nje.

Kabla ya kurushwa, kila chupa hupimwa nguvu. Njia ya uhandisi ni kuijaza maji hadi juu kabisa, kuiunganisha na pampu, na kupandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile itakayotumika: PSI 90 kwa roketi ya PSI 60. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa ikipasuka ikiwa imejaa maji hutoa ufa na mchirizi, si mlipuko.

Umbo na mizani

Roketi isiyo thabiti hugeuka kichwa chini mita chache baada ya kuondoka na kutua kwa aibu. Uthabiti hutegemea sehemu mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo roketi ikiwekwa juu ya kidole haielemei upande wowote. Ya pili ni kitovu cha msukumo wa hewa, mahali ambapo nguvu zote za hewa inayoipiga roketi ubavuni zinaweza kuhesabiwa kuwa zimekusanyika. Kitovu cha uzito lazima kiwe karibu zaidi na kichwa. Hapo roketi ikiyumba, hewa hulisukuma eneo la mkia na kuirudisha kwenye mstari.

Kitovu cha msukumo wa hewa hukadiriwa kwa katoni. Umbo la roketi likionekana kwa ubavu huchorwa kwenye katoni kwa ukubwa wake halisi, hukatwa, kisha kipande hicho huwekwa juu ya ukingo wa rula mpaka kisimame sawa. Pale kinaposimama ndipo penye kadirio la kitovu hicho. Roketi yenyewe, bila maji, hupimwa vivyo hivyo. Pengo kati ya alama hizo mbili likiwa sawa na kipenyo cha chupa au zaidi, karibu sentimita 11 kwa chupa ya lita mbili, roketi ina matumaini ya kwenda moja kwa moja. Likiwa dogo, kuna tiba mbili: kuongeza uzito kichwani au kukuza mapezi.

Mapezi matatu au manne yanatosha. Yakatwe kwa plastiki bapa ya mabango, si kwa katoni inayolowa na kujikunja, na yasimamishwe wima kabisa. Pezi lililopinda hata kidogo huizungusha roketi na kuipunguzia kimo. Kichwa hutengenezwa kwa nusu ya juu ya chupa nyingine, ndani yake ukiwekwa udongo wa mfinyanzi wa gramu 50 hadi 100, na ncha yake ifunikwe kwa mpira kuukuu wa tenisi ili isimdhuru mtu ikianguka. Chuma, misumari na mawe havina nafasi kwenye roketi ya maji.

Kundi linalotaka kuhifadhi roketi yake huongeza parachuti. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini kitambaa cha mwavuli mbovu ni bora zaidi: chepesi, imara, na tayari kimekatwa kwa umbo la duara. Parachuti yenye kipenyo cha sentimita 60 huishusha roketi ya gramu 150 kwa mwendo wa mita tatu hadi nne kwa sekunde. Hukunjwa chini ya kichwa kilichowekwa bila kubanwa, ili roketi ikipunguza mwendo kileleni, kichwa kidondoke na kuiachilia.

Jukwaa la kurushia

Jukwaa rahisi kabisa ni kizibo cha mpira kilichopenyezwa valvu ya baiskeli na kukazwa kwenye mdomo wa chupa. Hewa hupampiwa hadi kizibo kishindwe kushikilia na kuchomoka chenyewe. Ni jukwaa la kuonyesha, si la kupimia, kwa kuwa hakuna ajuaye kizibo kitachomoka kwa presha gani, na presha ikibadilika kila mara matokeo hayalinganishiki.

Mradi wa kushindana unahitaji jukwaa linaloachilia kwa amri. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha karibu milimita 21 husimamishwa wima kwenye ubao mzito. Dukani inafaa kwenda na chupa yenyewe ili kuhakikisha bomba linaingia mdomoni bila kulegea. Pete ya mpira inayolizunguka bomba huziba hewa pale mdomo wa chupa unapoishia. Ncha nyingine ya bomba hufungwa kwa kifuniko kilichotobolewa tundu la milimita 11.5, saizi ya valvu ya gari lisilotumia tyubu, na valvu hiyo huvutwa ndani mpaka ikae.

Shingo ya chupa ya soda ina ukingo mdogo chini ya nyuzi za kifuniko. Vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, kama kumi hivi, hupangwa kuzunguka bomba vichwa vikiwa juu, hivi kwamba vichwa vyote vinashika ukingo huo. Kipande cha bomba pana huvishwa juu yake kuvibana. Kamba ikikivuta kipande hicho chini, vichwa hufunguka kwa pamoja na chupa inaondoka. Kamba iwe na urefu wa mita tano au zaidi, na mpira wa pampu usiwe mfupi kuliko kamba, ili anayepampu asiiinamie roketi.

Upepo wa ziwa na hewa ya nyanda za juu

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na ukinzani wake kwa roketi hupungua kwa kiwango hichohicho. Roketi moja, kwa presha ileile ya geji, inatarajiwa kupanda juu kidogo zaidi Kisumu kuliko pwani, na zaidi tena Maseno iliyoko mlimani. Kundi linalolinganisha matokeo yake na ya shule ya mbali halina budi kutaja mwinuko wa mahali pa majaribio.

Upepo ndio msumbufu mkubwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara, ukizidi nguvu alasiri. Usiku na alfajiri mambo hugeuka: upepo hutoka bara kuelekea ziwani. Wavuvi wa tanga wameutumia mzunguko huo kwa vizazi, wakitoka na upepo wa bara na kurejea na wa ziwa.

Roketi yenye mapezi hugeuza kichwa kuelekea upepo unakotoka. Kwa hiyo ikirushwa alasiri huinama kuelekea ziwani, kisha parachuti ikifunguka huanza kurudishwa bara. Mwendo wa upepo ukiwa mita nne kwa sekunde, roketi inayoshuka kutoka mita 40 kwa muda wa sekunde 11 hivi husogezwa zaidi ya mita 40. Wakati mzuri ni katikati ya asubuhi, upepo mmoja ukiwa umekwisha na mwingine haujashika kasi. Zaidi ya hayo, alasiri za msimu wa mvua huleta radi kando ya ghuba ya Winam na uwanda wa Kano, na uwanja wazi si mahali pa kukaa ngurumo zikianza.

Uwanja wa mpira wa shule unatosha, ukiwa mbali na barabara, nyaya za umeme na paa za jirani. Maeneo yaliyo kwenye njia ya ndege zinazotua na kuruka Uwanja wa Ndege wa Kisumu hayafai.

Usalama

Kwa PSI 60, sakafu ya chupa ya lita mbili husukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Namba hiyo peke yake inatosha kueleza masharti. Chupa yenye presha haiguswi, haikaribiwi na haichunguliwi. Jukwaa likikwama, hewa hutolewa kwanza kwa kamba au kwa valvu ya pembeni, na hakuna anayesogea kabla geji haijarudi sifuri. Watazamaji hukaa umbali wa mita 15, wanaopampu huvaa miwani ya kukinga macho, na mwalimu huwepo kila mara. Kabla ya kuvuta kamba, mtu mmoja huhesabu kwa sauti ili kila jicho liwe juu. Chupa yenye mkunjo, doa jeupe au mkwaruzo huondolewa kazini, na hata isiyo na dosari hubadilishwa baada ya kurushwa mara kadhaa.

Kupima

Bila vipimo, roketi ni mchezo. Kimo hupimwa kwa kipimapembe cha shule kilichofungiwa uzi wenye kitu kizito mwishoni. Mpimaji husimama umbali unaojulikana, huifuata roketi kwa ukingo wa kipimapembe hadi kileleni, kisha husoma uzi umesimama wapi. Akiwa mita 50 kutoka jukwaani na pembe ikawa digrii 42, kimo ni 50 mara tanjenti ya 42, yaani mita 45, na hapo huongezwa urefu wa macho yake kutoka ardhini.

Njia hiyo hudhani kwamba roketi ilipanda wima. Kwa kuwa upepo huipeleka kando, wapimaji wawili husimama pande mbili za jukwaa, kwenye mstari mmoja na upepo. Wakiwa mita 100 mmoja kwa mwenzake, na mmoja akasoma digrii 45 na mwingine 40, hesabu ya pembetatu hutoa mita 45.6, hata kama roketi haikufika kileleni juu ya jukwaa kamili. Simu ya kawaida hutoa hakikisho la pili: video ya roketi isiyo na parachuti huonyesha muda wa kuanguka kutoka kileleni. Sekunde tatu humaanisha mita 44 kama hakungekuwa na hewa. Kimo halisi ni pungufu kidogo, na tofauti hiyo yenyewe ni kipimo cha ukinzani.

Kanuni kuu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kundi linalochunguza maji hushikilia presha ileile, roketi ileile na pembe ileile, likabadilisha maji tu: 0, 300, 600, 900 na 1,200 mililita. Kila kiasi hurushwa mara tatu na wastani kuchukuliwa, kwa kuwa mruko mmoja waweza kubahatisha. Grafu ya kimo dhidi ya maji hupanda, hufika kilele na kushuka, na kilele hicho ndicho jibu la roketi hiyo. Kundi lingine laweza kubadilisha presha, jingine idadi ya mapezi au uzito wa kichwa. Makundi manne ya darasa moja yakigawana maswali, shule hupata picha kamili ndani ya wiki chache.

Kuuwasilisha mradi

Jukwaa la kitaifa la kazi kama hizi ni maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, yanayofahamika kama KSEF, ambayo hapo awali yaliitwa Kongamano la Sayansi. Huanzia ngazi ya kaunti ndogo, yakaenda kaunti, kanda, hadi taifa. Roketi ya maji imejulikana duniani kote, kwa hiyo chupa iliyopambwa rangi haimshangazi mwamuzi. Kinachompa mwanafunzi alama ni swali lake mwenyewe na ushahidi alioukusanya: je, upepo wa ziwa hupunguza kimo kwa kiasi gani kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri? Je, chupa ya lita moja na nusu hushinda ya lita mbili kwa presha sawa? Maswali ya aina hiyo hayana jibu kitabuni, na Kisumu ni mahali pazuri pa kuyajibu.

Daftari la mradi huandikwa uwanjani, si nyumbani baadaye. Kila mruko huingia na tarehe, saa, maji, presha, uelekeo wa upepo, pembe zilizosomwa na maelezo mafupi ya kilichotokea, ikiwemo miruko iliyoharibika. Ripoti hueleza swali, kifaa na michoro yake, utaratibu, jedwali, grafu, makadirio ya makosa ya vipimo, na hitimisho lisilozidi kile ambacho namba zimeonyesha. Baada ya maonyesho, jukwaa na kipimapembe hukabidhiwa darasa linalofuata, chupa zilizochoka hupelekwa kwa wanunuzi wa plastiki, na daftari hubaki maabara, ili kundi la mwaka ujao lianzie pale la mwaka huu lilipoishia.